Mashine ya Waliopotezana

Kwa mara ya tatu asubuhi ile mashine iliwaka, ikaanza kurudisha kumbukumbu zilizovurugwa na umeme uliokatika, ikafika katikati, ikazimika.

Kavira alikuwa mfanyakazi pekee aliyebaki katika ofisi ya kutafuta jamaa mjini Kasongo. Wenzake walishahamia Kindu. Kompyuta hiyo ilihifadhi majina ya maelfu ya watu waliopotezana na jamaa zao vitani, na nakala nyingine haikuwapo. Fundi alimwambia kwa simu: ukiilazimisha, itafunguka au itafuta yote.

Kidole chake kilitua juu ya kitufe.

Mbele yake alikaa mama aliyetoka Wamaza kwa pikipiki kumuulizia binti yake, vumbi jekundu limemganda kwenye kope.

"Iko inasema nini?"

"Iko inakufa kila nikiiamsha, mama."

Mama akamtazama sana. "Na wewe, uko unatafuta nani mule ndani?"

Miaka mitano Kavira aliwauliza watu swali hilo. Yeye hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kaka yangu," akasema. Akaondoa kidole, akavuta daftari na kalamu. "Lakini tuanze na binti yako."

"Hapana. Andika wako kwanza." Mama akasogeza kiti karibu. "Anaitwa nani?"