Kilo za Saumu

Siku hizi uzito hauyeyuki. Huhamia kwa ndugu wa damu anayekubali kuupokea. Saumu alipoambiwa na daktari kwamba moyo wake hautahimili asipopungua kilo sitini, mama yake, Bi Mwanakombo, alicheka.

“Nilikubeba tumboni mzima mzima, leo nishindwe na mafuta yako?”

Baada ya kilo kumi za mwanzo, Saumu alipanda ngazi za nyumbani bila kuhema. Akageuka kwa furaha amwonyeshe mama. Bi Mwanakombo alikuwa amekaa kidato cha chini, akisugua magoti.

“Mama, basi, tuache.”

“Wee! Ndiyo kwanza tumeanza. Tangulia, mwanangu, nakuja.”

Saumu alibaki amesimama pale juu, akiona haya jinsi miguu yake ilivyotamani kuendelea.