Baada ya Bosi

Mutiso alimkuta Mama Kasiva ameketi kando ya barabara ya kwenda kanisani, kamba mkononi, na mwisho wa kamba ile mbwa wake Bosi alikuwa amelala, amekufa. Pikipiki iliyomgonga ilikuwa imeondoka tangu asubuhi. Sasa ilikuwa saa tisa alasiri na mama hakuwa amesogea hata hatua tatu kufuata kivuli.

Mutiso, jirani aliyepakana naye shamba, alimzika mbwa palepale penye mchanga laini, kisha akamshika mama mkono akamrudisha nyumbani. Baadaye alimpigia simu Kasiva, binti aliyekuwa akishona nguo kiwandani huko Athi River. Alisema amewahi kuona watu wakimlilia ng'ombe, hata punda, lakini mtu kukaa juani siku nzima kwa ajili ya mbwa, hilo lilikuwa geni kwake.

Wiki tatu zikapita na habari kutoka kijijini Kivaa zikazidi kuwa mbaya. Mama haendi tena kanisani. Haendi sokoni. Maji analetewa na mke wa Mutiso, na akiitwa kwenye jumuiya anasema miguu inamuuma. Rodgers, kaka mkubwa aliyekuwa Mombasa, alitoa uamuzi wake kwa simu: miaka sabini na moja si umri wa kuishi peke yako. Kasiva amchukue mama akae naye, shamba alime Mutiso.

Kasiva hakubishana na kaka yake. Lakini kila alipokitazama chumba chake cha kupanga, ghorofa ya nne, alishindwa kumwona mama ndani yake, akishinda kutwa anangoja mtu arudi kazini.

Kwa hiyo Jumamosi alifika Kivaa na katoni yenye mtoto wa mbwa aliyepewa na mwenzake wa kazini. Njia nzima alikuwa amejiwekea shauri moja. Mama akimpokea mbwa, atabaki Kivaa nyumbani kwake. Akimkataa, kesho yake wanaondoka, yeye na mama.

Alimpata mama kizingitini, sweta ameivaa ndani nje. Walisalimiana, mama akaingia jikoni akapakua muthokoi wa mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Kasiva alipotafuna kijiko cha kwanza, jino liligonga kijiwe. Cha pili, kijiwe kingine. Akaendelea kula. Huyu ndiye mama aliyemchapa akiwa mdogo kwa sababu ya kijiwe kimoja tu kilichobaki kwenye maharagwe. Huzuni inaweza kumla mtu hivi, Kasiva aliwaza.

Walipomaliza kula walitoka wakakaa nje. Mbwa alianza kulia ndani ya katoni.

"Mwaitu, nimekuletea mwingine," Kasiva alisema.

 Mama akauliza ana umri gani. Kasiva akamwambia ni wiki nane.

"Ni mdogo sana. Bosi alikuwa anajua kanisa, anajua kisima, anajua kwa Mutiso. Huyu hajui kitu."

Kasiva alimwambia atajifunza. Mama akajibu kwamba Bosi alichukua miaka miwili, na yeye hana hakika kama miaka miwili anayo. Afadhali asianze. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayerudisha sahani ambayo hakuiagiza.

Kasiva alikumbuka jinsi watu walivyomcheka mama kwa kumfunga Bosi kamba na kwenda naye hadi mlango wa kanisa, kama matajiri wa mjini. Mama alikuwa akiwajibu kwamba yule mbwa ni mwizi wa kuku, akimwachilia atamgombanisha na kijiji kizima. Hakuna aliyewahi kumwona Bosi na kuku mdomoni. Alimpenda tu, basi, na pendo la namna hiyo haliletwi kwa katoni.

Akafunga katoni. Akamweleza mama alichosema Rodgers, na kwamba wataondoka kesho baada ya misa, nguo chache zitatosha, nyingine zitafuata.

Mama aliupapasa mkono wa binti yake akaushika. 

"Kasiva, usinipeleke," alisema. "Hapa najua kila jiwe. Huko kwako nitakuwa mgeni hata wa choo."

Kasiva alitaka kumjibu kwamba hata yeye hataki, kwamba kila siku kazini anashona huku akiogopa simu ya Mutiso.  Badala yake alisema kwamba mtu hawezi kuachwa akae mlangoni hadi afe kwa sababu ya mbwa.

Mama aliinamisha kichwa.  Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu.

"Nipe huyo mtoto."

Kasiva alimtoa mbwa na kumweka mikononi mwa mama. Mama alimshusha mapajani akampapasa taratibu, masikio, mgongo, unyayo mmoja mmoja, na yule mbwa akaacha kulia na kuanza kuramba kidole chake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mama alitabasamu. Alisema miguu yake ina nguvu. Alisema ataanza naye polepole, kwanza kisima, kanisa baadaye, na Rodgers aambiwe hivyo.

Kasiva alishusha pumzi. Alihisi kilo nyingi zikimtoka mabegani. Ilikuwa saa saba mchana na jua lilikuwa kali, likimchoma mgongoni yule mbwa aliyelala mapajani pa mama.

"Ni mzuri," mama alisema, uso ameuinua kumwelekea binti yake. "Niambie, ako na rangi gani?"