Misumari Ukutani

Sheria ilimtaka kila mama awe na marafiki wawili waliothibitishwa, la sivyo mtoto wake ahamishiwe bweni la serikali. Mimi nilikuwa na mmoja. Basi nikapanda hadi Iringa, mji niliosomea diploma, kumtembelea Atuganile, tuliyelala naye chumba kimoja miaka miwili. Nilikuwa nimemtumia ujumbe kwamba naja.

Alinipa chai nikiwa bado nimesimama.

"Miaka kumi na moja kimya, leo ndiyo umenikumbuka?"

"Weka dole gumba tu, Atu. Nina mtoto."

"Na mimi ninaye." Akawasha kifaa cha uthibitisho, akanisogezea mdomoni. "Hakipokei dole langu mpaka umtaje mwanangu kwa jina. Haya, rafiki, mtaje."

Nikatazama ukutani kutafuta picha, cheti, chochote. Misumari ilikuwepo. Picha alikuwa ameziondoa kabla sijafika.