Karata Chini ya Kiganja

Makungu aliufufua jukwaani mchezo wa karata tatu, ambao zamani uliwafilisi wengi mjini, akiapa kwamba kwake yeye malkia, karata ya kutafutwa, haondoki mezani. Kumbe alikwisha kumficha ndani ya mkono wa kanzu. Ndipo bibi kizee mmoja, Bi Rehani, alipopanda na kuifunika karata moja kwa kiganja.

“Hii usiiguse, mwanangu. Zifunue hizo mbili.”

Makungu akazifunua huku jasho likimtoka. Malkia hakuwamo.

“Basi yuko kwa bibi!” watu wakashangilia. “Inua mkono, bibi, tumwone!”

Bi Rehani akamwinamia Makungu. “Mume wangu aliliwa nyumba hivi hivi,” alinong'ona. “Nikiinua, watamwona?”

Vidole vya bibi vilianza kuinuka, kimoja kimoja.