Mlango wa Naipanoi

"Wangapi?" Mwalimu Wilibrodi aliuliza kwa mara ya nne.

Naipanoi aliwatazama ng'ombe wa maboksi waliopangwa mezani. "Wapo wote, mwalimu."

"Sijauliza kama wapo. Nimeuliza wangapi."

Msichana akanyamaza. Darasa la pili zima nalo likanyamaza, watoto wakainamia madaftari yao. Wilibrodi alidhani wanamhurumia mwenzao, na huruma hiyo ikamuuma zaidi.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Ilikuwa siku ya kufunga muhula, na baba yake Naipanoi, Mzee Loserian, alikuwa njiani kutoka bomani kwake, upande wa Endulen. Januari alimleta binti yake mwenyewe na kusema maneno machache: "Nakupa muhula mmoja. Siku ya kufunga nitakuja nione shule imemfanya nini. Nisiporidhika, naondoka naye." Wilibrodi aliwajua wazazi wa maneno machache. Mwaka jana alipoteza wasichana wawili kwa namna hiyohiyo, na majina yao hadi leo hajayafuta kwenye daftari la mahudhurio.

Mwaka huu alikuwa amejiandaa. Alikwenda semina Karatu, siku tatu za chai na maandazi, mwezeshaji akawaeleza kwamba watoto hawana akili ya aina moja: yupo anayeelewa kwa kuimba, yupo wa mikono, yupo wa picha. Bibi yake Wilibrodi kule Qurus alikuwa akisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, tena bila projekta. Hata hivyo alirudi amewaka moto. Moloimet, aliyeshindwa kusoma mwaka mzima, alisoma baada ya wiki mbili za kuimba silabi. Seenoi alijifunza kuandika jina lake kwa kulitunga kwa shanga. "Kila mtoto ana mlango wake," aliwaambia walimu wenzake, mpaka wakamchoka.

Na mlango wa Naipanoi ulikuwa ng'ombe, nani asingeuona? Jumamosi moja Wilibrodi alitembea hadi bomani na penseli zake za rangi. Loserian hakuwepo, alikuwa mnadani. Akawachora ng'ombe wake mmoja mmoja walivyokuwa wakiingia zizini, kisha akawakata kwenye maboksi ya sabuni. Naipanoi alipowaona alicheka kwa furaha. Aliwataja wote, mwekundu wa pembe iliyovunjika, mweusi wa kitovu cheupe, mama wa yule ndama kiwete. Ukimficha mmoja chini ya meza, alijua papo hapo ni yupi hayupo. Ila ukimuuliza idadi, mdomo unafungwa. Ilikuwa hivyo kila siku, na kila hesabu kwenye daftari lake Wilibrodi alimchorea ng'ombe.

"Mwalimu," Naipanoi alisema polepole, "nihesabu mawe?"

"Mawe tulijaribu Januari, ukanitazama tu." Januari ile mtoto hakuwa na maneno kumi ya Kiswahili, lakini hilo Wilibrodi alikuwa amelisahau. "Mawe ni ya wengine. Wewe ni mtoto wa ng'ombe. Jaribu tena."

Nje mbwa wa mlinzi akabweka. Dirishani ikaonekana shuka nyekundu ikikata uwanja wa mpira katikati ya ukungu.

Hapo Wilibrodi alivunjika moyo. Alipiga magoti mbele ya dawati, suruali yake ya kufungia shule ikajaa vumbi.

"Naipanoi, mwanangu, mimi nimeishiwa. Nimeimba, nimechora, nimelia kama ndama mbele ya darasa. Baba yako huyo anakuja. Ukinyamaza leo, hurudi tena hapa. Unataka kuondoka?"

Akatikisa kichwa. Hakutaka.

"Basi nisaidie. Wangapi?" Machozi yakamtoka, mwanaume mzima, mbele ya watoto sitini na wawili.

Naipanoi aliyatazama machozi yale. Akatazama mlangoni. Kisha, bila kunyoosha kidole, bila hata kuwatupia jicho wale ng'ombe, akasema, "Thelathini na sita." Hapohapo akauziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili.

Thelathini na sita! Wilibrodi alitoka mbio, nusura ajikwae kizingitini, akamkuta Loserian kwenye mlingoti wa bendera.

"Mzee, amehesabu! Ng'ombe wako wote, kwa mdomo wake, bila kukosea hata mmoja! Muulize mwenyewe!"

Loserian hakutabasamu. Alimtazama binti yake, aliyekuwa amefika mlangoni na kusimama hapo.

"Umewahesabu?"

Naipanoi alikuja akainamisha kichwa. Baba yake akamgusa utosini, kama mtoto anavyosalimiwa siku zote, akamwambia, "Kachukue vitu vyako."

"Mzee, hujanielewa!" Wilibrodi aliishika fimbo ya mwenzake bila kujua anafanya nini. "Amefaulu!"

"Nimekuelewa, mwalimu." Loserian hakuwa na hasira. Alikuwa na sura ya mtu aliyefiwa. "Kuhesabu alikuja anajua. Nilimfundisha mwenyewe, kwa mawe, kabla hajang'oa jino. Na nilimfundisha kwamba mwenye uhai hahesabiwi kwa mdomo, maana anayehesabiwa hupungua. Kaka yake alisoma mpaka akalisahau hilo. Huyu nilikuja kuona kama bado anajua kunyamaza."