Damu ya Jenifa

Agustino alitaka daktari aandike neno moja tu kwenye karatasi: sumu. Mengine angeyamaliza mwenyewe huko polisi.

"Mpimeni damu," alisema, akimlaza bintiye kitandani. "Kuna mtu anammaliza mtoto wangu."

Jenifa alikuwa na miaka saba na kilo kumi na nne. Tumbo limevimba, miguu imebaki mifupa. Kutoka Makambako hadi hospitali hii ya misheni, nje kidogo ya Njombe, walisimama mara nne aharishe kando ya barabara. Muuguzi alihangaika sana kuupata mshipa. Mtoto hakulia; hata nguvu ya kulia hakuwa nayo.

"Nani huyo anayemmaliza?" aliuliza Daktari Lidia, akiukunja mkono wa mtoto juu ya pamba.

"Mama yake wa kambo. Nilishamfukuza."

Akasimulia. Mama mzazi wa Jenifa alifariki mtoto akiwa anatambaa, naye akamwoa Oktavia, binti wa Matembwe. Agustino mwenyewe ni dereva wa lori la mbao, hukaa safarini hata wiki sita. Mwaka jana, Septemba, alitoka safari moja kwa moja hadi kwenye sherehe ya kipaimara nyumbani kwa dada yake, Rosemary. Na pale, mbele ya wageni wote, akamwona Oktavia akimpokonya Jenifa chapati mdomoni. Watoto wengine wanakula, huyu analia.

"Dada akaniambia, ndivyo anavyomfanyia kila siku ukiwa haupo. Mtoto wa marehemu, nani atamhurumia?"

"Oktavia mwenyewe alisemaje?"

"'Baba Jeni, ngoja nikueleze.' Anieleze nini, daktari? Sikumpa hata dakika moja. Nguo zake alizikuta nje. Namba yake nikaifungia."

Tangu siku hiyo Jenifa alilelewa na shangazi yake, na Rosemary hakuwa mchoyo. Asubuhi chapati, mchana mkate na siagi, jioni maandazi ya moto. Mwanzoni mtoto aliisukuma sahani. "Mama alinikataza," alisema. Shangazi akambembeleza mpaka akala. Lakini kadiri alivyolishwa ndivyo alivyokwisha. Kwa Agustino, sababu ilibaki moja tu: Oktavia alimwekea mtoto kitu tumboni kabla ya kuondoka.

Daktari Lidia alichukua kalamu. Aliandika jina kamili la mtoto kwenye kikaratasi, akamtuma muuguzi masjala. Muuguzi akarudi na faili jembamba. Daktari alilisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akaketi.

"Sumu ipo?" Agustino aliuliza.

"Kwa mwili wake, ndiyo, ni sumu. Ni ngano, baba. Akiila, kinga ya mwili inaugeukia utumbo wake mwenyewe na kuushambulia. Chakula kinapita tu, hakimjengi. Chapati, mkate, andazi, hata kipande kidogo."

Agustino aliitazama chupa ndogo ya damu, bado iko palepale mezani.

"Mmepima saa ngapi?"

"Hiyo ya leo bado. Majibu haya ni ya Agosti mwaka jana. Damu ilipelekwa Dar es Salaam." Akafunua ukurasa wa pili. "Mama yake ndiye aliyemleta, amembeba mgongoni. Tulimwambia asimwache aonje, hata akilia."

Jenifa alikuwa amesinzia, mdomo wazi, midomo imemkauka.

"Mama yake alishakufa," Agustino alisema.

"Hapa pameandikwa Oktavia," daktari alisema. "Tangu Oktoba anatupigia simu kila mwezi, anauliza kama baba amemleta mtoto."