Kilo Nane

Valter aliivuta mikanda ya dereva, akaikaza. Ilikuwa imelegea kidogo. Dereva hakulalamika, maana alikuwa magunia matatu ya viazi.

Dereva mwenye damu na nyama, Ivor, mwanawe wa pekee, alikuwa zamu kwenye kiwanda cha meli Rijeka hadi saa saba mchana. Na gari la mashindano halipimwi kiti kikiwa kitupu. Uzito wa mtu hulaza springi, springi ikilala gurudumu nalo huinama. Kwa hiyo Ijumaa jioni Valter alipima viazi kilo sabini na nane, sawa na Ivor na kofia yake, akavifunga kitini. Akalisukuma gari juu ya mizani nne, moja chini ya kila gurudumu, akakaza na kulegeza hadi namba zikakubaliana. Akamwambia mama yake, "Nimemaliza. Sasa naweza hata kufa."

Leo Jumapili alipima tena, kujiridhisha tu. Upande wa kushoto, upande wa dereva, ulikuwa umepungua kilo nane.

Mashindano ni saa tisa, kwenye uwanja wa Grobnik, juu tu ya nyumba ya mama yake yenye karakana hii. Jukwaani watakaa watu wawili kutoka Ljubljana, waliokuja kumtazama Ivor mara hii moja. Timu yao ina nafasi moja ya dereva msimu ujao. Ivor ana miaka thelathini na mitatu, na kwa mchezo huu, huo ni uzee. Leo gari likimkatalia kona, basi tena, atachomelea meli mpaka meno yamtoke.

"Mafuta?" aliuliza Duško, akiwa kalala chali chini ya gari. Walikuwa wakitengeneza magari pamoja mwaka wa ishirini sasa.

"Yamejaa."

"Betri?"

"Ninaiona."

"Na huyu bwana?" Duško alitokeza kichwa, akamgusa dereva tumboni. "Isije ikawa amefunga kwaresima."

Valter hakucheka. "Huyo hana miguu. Wewe unayo. Na ufunguo wa karakana unao."

Duško akatoka uvunguni taratibu. "Sema vizuri, nisikie."

"Alhamisi ulionekana Opatija, umekaa na fundi wa wale tunaoshindana nao leo. Umefungua nini kwenye gari langu?"

"Nilikunywa kahawa, Valter."

"Kahawa ya kilo nane?"

Duško alifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Akakusanya spana zake, akauweka ufunguo juu ya boneti. "Miaka ishirini nakushikia uzi," alisema. "Leo jishikie."

Uani mama yake Valter, Karmela, alikuwa akipanga sahani kwa ajili ya wageni wa klabu ya mbio. "Duško, kaa ule," alimwita. Duško alipunga mkono bila kugeuka, akapita getini.

Valter akabaki na gari. Hakuona kilichofunguliwa, na hilo lilimtisha zaidi. Akaipandisha springi ya kushoto mbele ili kufidia uzito uliopotea. Mizani ikakubali, gurudumu likainama. Akalisimamisha gurudumu, na mara magurudumu mawili ya mbele yakaacha kutazama njia moja. Akavuta uzi wa kupimia ubavuni mwa gari, ila uzi unataka mikono minne. Akaufunga kwenye mguu wa kiti, kiti kikasogea. Akaufunga kwenye ndoo ya rangi. Kila alipoponya kidonda kimoja, kingine kilifunguka.

Saa sita mama yake alimletea palenta, ugali wa mahindi wa kwao, ya njano, laini, jibini limeyeyukia juu. Alikula amesimama, macho kwenye uzi, hata hakujua anakula nini. Akaongezewa, akamaliza. Uani wageni kumi na wanane wa klabu walikuwa wakikwangua sahani na kumsifu mpishi.

Saa nane kasorobo namba zilikubaliana. Valter alikaa chini sakafuni, akataka kulia.

Saa nane kamili Ivor aliingia, nguo za mbio zimeshafungwa hadi shingoni. "Vipi, mzee? Farasi yuko tayari?" Akafungua mikanda, akayarusha magunia nje kama mito ya kulalia, akaketi.

Namba zikaruka. Kushoto ziliongezeka kilo nane.

Valter alizitazama mpaka zikaacha kucheza. Kisha akatazama magunia. Kila alichofanya tangu asubuhi kilikuwa cha kufumuliwa, kazi ya saa nzima kwa watu wawili. Saa ilikuwepo, mtu wa pili ndiye hakuwepo. Ivor hakuweza kushuka, kwani yeye ndiye uzito. Alimpigia Duško simu mara tatu, ikaita mpaka ikakatika.

Karmela akaingia, mikononi sahani iliyofunikwa kitambaa.

"Mama, nani kagusa viazi vyangu?"

"Mimi. Si Ijumaa ulisema umemaliza?" Alimshangaa. "Watu kumi na wanane, Valter, na ndani viliniishia. Palenta ya kwetu bila viazi ni chakula cha kuku. Tena nilitoa sawasawa kila gunia, huyo dereva wako asije akapinda."

Valter aliutazama ufunguo juu ya boneti.

"Hii ni ya Duško," alisema mama yake, akichungulia getini. "Mpelekee. Wote mliokuwepo mmekula. Ni yeye peke yake ambaye hakugusa hata kidogo."